Marengo ya Kichwa Chini

Ukitaka kumkasirisha Armida Gavello, mwonyeshe sarafu ya dhahabu isiyo na doa. Ataishika ukingoni kwa vidole viwili, kama chama chake cha sarafu kinavyotaka, ataigeuza mara moja, kisha atakurudishia. "Nzuri," atasema. "Imelala kwenye sanduku maisha yake yote. Sasa mimi niiulize nini?" Na wewe uliyemwaga fedha kwa ajili ya huo usafi utabaki umeduwaa.

Ndivyo alivyo. Alishona bitana za kofia kiwandani, hapa Alessandria, mpaka akastaafu. Hakuolewa. Umbo lake ni dogo, ila mdomo wake, wee! Jumapili huwahi misa ya alfajiri ili saa nne awe ameshafika chumba cha juu cha mkahawa wa stesheni, wanapokutana wapenzi wa sarafu za kale. Humo mna meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, sinia inayopita mkono kwa mkono, na sheria moja inayozidi zote: ukiinamia dhahabu, funga mdomo, kwa maana tone la mate likikauka juu ya sarafu huacha alama. Basi wanaume ambao wakicheza karata husikika hadi ng'ambo ya mto, humo ndani hukaa kimya kama wamefiwa. Armida peke yake ndiye hujiziba mdomo kwa leso na kuuliza kupitia leso hiyo, "Haya, mwenzangu. Nani alikuvaa?"

Swali lenyewe lina maana. Huko vilimani kwetu binti alipoolewa, mama yake alimvisha shingoni marengo, ile sarafu ya dhahabu ya lira ishirini yenye kichwa cha mfalme. Sonara alichomelea kipete kidogo juu ya utosi wa mfalme, mkufu ukapitishwa hapo, na bibi harusi akatoka nayo kanisani. Baada ya hapo aliivaa kwenye ubatizo na sikukuu ya mtakatifu wa kijiji. Siku nyingine ilikaa kwenye droo. Mambo yakienda mrama, kipete kilikatwa na marengo ikauzwa. Ukingoni likabaki kovu. Mpenzi wa sarafu akiliona kovu hilo hugeuza uso kama aliyekuta nzi kwenye mchuzi, na kwake sarafu hiyo haina thamani tena isipokuwa ya dhahabu yake tu.

Hizo ndizo alizonunua Armida. Mwaka huu moja, mwaka ule mbili, kadiri mshahara ulivyoruhusu, kutoka kwa Sandrone, mchuuzi mnene wa magulioni aliyekuwa akimwekea kabla hajazipeleka kuyeyushwa. Na hakuzinunua akanyamaza. Alimbana Sandrone amwambie zimetoka nyumba gani, kisha akapanda basi kwenda kubisha hodi. Marengo moja ilikuwa na makovu mawili, akagundua kwamba mwenyewe aliolewa mara mbili na mume wa pili hakutaka kuona kipete cha wa kwanza. Nyingine ilikuwa imelika upande mmoja tu, akaenda hadi bonde la pili kuambiwa kwamba bibi wa nyumba ile alikuwa na mazoea ya kuisugua kwa kidole gumba kila mumewe alipofungua mdomo kusema. Armida alicheka njia nzima akirudi.

"Mama Makovu," Wakili Bellone, mwenyekiti wa chama, alizoea kumtania, "leo umetuletea mgonjwa gani?"

"Nimekuleteeni huyu, Bwana Wakili. Ameolewa, amezaa, ameuzwa wakati wa vita. Na wa kwako je? Bado bikira?"

Chumba kizima kiliangua kicheko, na sheria ya mate ikavunjwa na kila mtu.

Halafu dunia ikachafuka, mabenki yakayumba, na bei ya dhahabu ikapaa. Wale wenye sarafu safi walikuwa wamelipia dhahabu na usafi, na usafi haukupanda bei hata kidogo. Aliyelipia dhahabu tupu ndiye aliyecheka. Wakili Bellone alipiga hesabu juu ya karatasi ya kufungia keki, akavua miwani.

"Mama Makovu, umetupiga bao sote. Nani alikufundisha kuwekeza?"

"Kuwekeza nini! Mimi kuna kitu nakitafuta."

"Kitu gani?"

"Kitu changu," akasema, akairudisha leso mdomoni.

Wenzake wa chama hawakujua. Sisi wa Montegrana, kijijini kwao, tulijua sana.

Bibi yake mzaa mama, Gioconda, alikuwa na kichwa kigumu kuliko nyumbu. Sonara alipotaka kuchomelea kipete kwenye utosi wa mfalme, alimshika mkono. "Weka chini, shingoni."

"Mama, mfalme ataning'inia kichwa chini!"

"Kwako wewe. Mimi nikimwinua nimtazame atakuwa wima. Marengo ni yangu au ya majirani?"

Basi Montegrana nzima ikawa inamwona mfalme wa Italia akining'inia kichwa chini kifuani mwa Gioconda, na wapo walioapa kwamba sonara alikuwa amelewa. Marengo hiyo ikaenda kwa binti yake, Clotilde, na kutoka kwa Clotilde ilikuwa iende kwa binti mkubwa, Ilda, siku atakapoolewa.

Ilda hakungoja kuolewa. Mwaka wa hamsini na nane, wiki ya kuchuma zabibu, nyumba zote zikiwa tupu na watu wako mashambani, Ilda wa miaka kumi na tisa alichukua sanduku lake akaenda zake Genova. Jioni Clotilde akafungua droo ya cherehani. Marengo haipo. Akatoka uani, majirani wamesimama na vikapu vyao, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Mwanangu ameniibia."

"Mwongo!" Armida akapiga ukelele. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Alizabwa kofi mbele za watu.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Ilda ndiye aliyemlea Armida wakati mama yuko shambani, ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka kijito. Mtu kama huyo aibe? Thubutu! Pengine ni baba, aliyekuwa mgonjwa wa karata. Pengine ni wale vibarua wa mavuno waliolala ghalani. Yeyote yule, ila si Ilda. Armida aliapa kwamba ataitafuta marengo ile mpaka aione, na ikionekana aliyeiuza atajulikana, na jina la dada yake litasafishwa. Ndicho alichokuwa akikitafuta katika makovu yote yale: kovu lililo chini, shingoni mwa mfalme.

Clotilde alipofikia hatua ya kukata roho, alimwita. "Armida, mwanangu, njoo unibusu."

Armida alisimama mlangoni. "Kwanza sema Ilda hakuiba."

"Niende kwa Mungu na uongo mdomoni?"

"Basi."

Mama akageuza uso ukutani. Kulipokucha alikuwa amekufa, bila busu. Tulimlaumu Armida sana kwa ukatili ule, na yeye hakujali hata chembe. Aliamini haki iko upande wake, na mtu akishaamini hivyo huwezi kumwambia kitu.

Na Ilda hakuja hata mazishini. Aliolewa na mwendesha winchi wa bandarini, akafiwa naye, akabaki peke yake ghorofa ya tano katika kichochoro cha Genova ambacho jua hupita kwa bahati. Armida alimtembelea kila mwaka siku ya pili ya Krismasi, na kila mwaka, kabla hajavua koti, alimshika mikono akasema maneno yale yale: "Mimi najua hukuiba."

Na Ilda alijibu yale yale. "Kaa ule, chakula kinapoa."

Sasa, Jumapili moja ya Oktoba, ukungu umeshuka hata taa za stesheni hazionekani, Sandrone alipanda ngazi za mkahawa akitweta.

"Mama Makovu, nimekuletea kichekesho. Fundi wa hii sijui alikunywa nini."

Akaiweka juu ya kitambaa cha kijani. Marengo ya mwaka 1882, ya kawaida kuliko zote, zimejaa kila mahali. Kipete chake hakikukatwa. Na kipete kilikuwa chini, shingoni mwa mfalme.

Armida hakuuliza swali lake la kila siku. Aliketi kwanza. Akaishika marengo kwa kiganja kizima, jambo ambalo chamani ni mwiko, na hakuna aliyethubutu kumkemea.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa wajukuu wa sonara mmoja wa hapa hapa mjini. Babu aliiweka dukani, akicheka nayo na wateja, hakutaka kuiyeyusha. Sasa wanafunga duka."

"Na yeye aliinunua kwa nani?"

"Dada yangu, mtu alishakufa zamani. Nimfufue?"

Wakili Bellone aliinama na kioo chake cha kukuzia, akatazama, akakunja uso. "Haina cha ajabu, Armida. Tarehe ya kawaida, imechomelewa, tena imechomelewa vibaya. Mbona unalia?"

"Silii. Ni mate ya Sandrone."

Alilipa bila kubishana bei, na hilo lilimtisha Sandrone kuliko machozi.

Jioni ile Armida hakula. Aliiweka marengo mezani, akaizunguka, akaitazama kutoka kila upande. Jina la muuzaji hakulipata, lakini akili yake ikaanza kufanya kazi, na akili ya mtu anayetaka kitu hufanya kazi haraka. Sonara alikuwa Alessandria. Nani wa nyumba yao alikuja Alessandria kila wiki, siku ya soko la ng'ombe, akarudi mfuko mtupu? Baba. Ilda alikwenda Genova, kule baharini, na marengo iliuzwa huku. Ushahidi gani tena? Akaicheka nafsi yake kwa kuwa hakuwahi kufikiria jambo jepesi namna hiyo.

Hakungoja Krismasi. Asubuhi ya pili alipanda treni, na njiani alipanga maneno. Angesema, dada, imepatikana. Angesema, shika, ni yako, ingekuwa yako tangu zamani. Kisha wangelia wote wawili, kisha wangecheka.

Ilda alifungua mlango na mwiko mkononi. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Keti."

"Nyumba yangu mwenyewe, na unaniamuru kuketi."

Armida alitoa leso, akaifungua juu ya meza, kando ya mkate bapa wa unga wa dengu uliokuwa bado unatoa moshi. Maneno yote aliyoyapanga yalimpotea. Alisimama tu anatabasamu.

Ilda alifuta mikono kwenye aproni, akaichukua marengo, akaiinua karibu na macho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka kicheko cha tumboni, mpaka akashika kiti asianguke.

"Mfalme wa bibi! Kumbe yule mzee hakumyeyusha! Aliniambia, 'Binti, hii naitia tanuruni leo leo.' Mwongo mkubwa yule!"

Armida alikuwa bado anatabasamu. "Nani alikuambia?"

"Sonara. Yule wa karibu na stesheni, mwenye masharubu."

"Alikuambia lini?"

"Nilipomuuzia, Mida. Lini tena?"

Chini kichochoroni mtu alikuwa akiburuta mkokoteni wa samaki.

"Lakini wewe ulikwenda Genova," Armida akasema.

"Na treni ya Genova inapandwa wapi, kichwa boga we? Si hapo hapo Alessandria? Nilikuwa na muda wa kungoja. Nikauza, nikakata tiketi, na iliyobaki nikanunua viatu."

"Uliiba."

"Niliiba."

Armida alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni. "Nimekutetea miaka hamsini! Nimekula kofi kwa ajili yako! Nimenunua dhahabu ya wanawake wa watu, nimezunguka vilima vyote, nimeitwa Mama Makovu, kwa ajili yako wewe!"

"Nilikuomba?"

"Ungeniambia!"

"Wewe uliniuliza lini?" Ilda hakuwa anacheka tena. "Mama alisema nimeiba. Wewe ukasema sikuiba. Kila mwaka unaingia hapa na koti lako mwilini, unanieleza mimi jambo nililolifanya mimi. Mara ya kwanza nilitaka kusema. Ukawa umenishika mikono, macho yanakung'aa. Ningesemaje? Mwaka wa pili ikawa ngumu zaidi. Baadaye nikaona, basi, huyu anamhitaji Ilda yule asiyeiba kuliko mimi. Lakini kuuliza, Mida, hata siku moja hukuuliza."

Armida alitafuta katika kichwa chake, Krismasi baada ya Krismasi, simu baada ya simu. Alikuwa ameuliza dhahabu isiyo na ulimi, ameuliza wajane wa mabonde matatu ambao hakuwajua. Dada yake hakumwuliza. Hasira ikamtoka yote mara moja, na kilichobaki mahali pake kilikuwa kibaya zaidi.

"Mama aliniomba nimbusu," akasema. Habari hii hakuwahi kumwambia Ilda. "Siku ya mwisho. Nikamwambia aseme kwanza kwamba hukuiba. Akakataa kusema uongo. Akanigeuzia mgongo, akafa hivyo hivyo. Alikuwa anasema kweli, Ilda, na mimi nikamnyima."

Ilda aliketi. Alimtazama mdogo wake, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Nilidhani ulimbusu," akasema polepole. "Miaka yote hii nilijiambia, angalau Mida alikuwepo, Mida alimbusu kwa niaba yetu wote wawili. Ndiyo sababu sikuja."

Mkate wa dengu ukapoa, na hakuna aliyemhimiza mwenzake kula. Hatimaye Ilda akainuka, akazima jiko, akavua aproni na kuitundika nyuma ya mlango.

"Vaa koti lako."

"Sijalivua. Twende wapi?"

"Montegrana. Tukiharakisha tunapata treni ya mchana na basi la jioni."

"Wewe? Hujakanyaga huko tangu ulipoondoka."

"Ndiyo. Mwizi ni mimi, siyo wewe. Nitamwambia mama mimi mwenyewe." Akasimama mbele ya kioo kidogo, akajifunga skafu, fundo likamshinda, na Armida akamfungia. "Bado yuko pale karibu na ukuta wa juu wa makaburi?"

"Bado. Pamoja na bibi."

"Ala! Basi wataniangukia wote wawili."

Treni ilipanda kutoka baharini, ikaingia mahandaki ya milimani moja baada ya jingine, ikatokea upande wetu ambako ukungu ulikuwa haujaondoka. Marengo ilikuwa kwenye pochi ya Armida na hakuna aliyeitaja. Ilda alikaa dirishani, mgongo wima, kama mtu anayekwenda kwa daktari. Abiria wa mbele yao alishuka.

"Ilda," Armida akasema.

"Naam."

"Vilikuwa viatu gani?"

Ilda aligeuka, akamtazama mdogo wake usoni, akamtazama sana, kana kwamba anahakikisha kwamba swali hilo limetoka kwake kweli.

"Vyekundu," akasema. "Vya kisigino, na kifungo pembeni. Nilikuwa nimeviona dirishani tangu Pasaka, nikawa silali."

"Vilikupendeza?"

"Vilinibana," Ilda akasema. "Tangu siku ya kwanza. Nikavivaa hivyo hivyo mpaka vikaisha."